Fildi Kwenye Bustani ya Michezo: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Uhandisi wa Nyanda za Juu Kusini

Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo (PT), ukikaribia, wanafunzi wa uhandisi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga hupeana majina yaleyale: TANESCO, mamlaka ya maji, kiwanda cha saruji Songwe, karakana ya TAZARA, viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi. Bustani za michezo hazitajwi kabisa. Watu wanazijua kama mahali pa kupeleka watoto Jumapili, basi. Lakini pita nyuma ya uzio, pale palipoandikwa "Hairuhusiwi kuingia", utakuta mota za fezi tatu, giaboksi, breki za upepo, pampu, sensa, na vyuma vilivyochomelewa vinavyozunguka na watu juu yake kutwa nzima. Kiwandani mtambo ukikatika unapoteza gunia la chai. Hapa mzigo ni mtoto wa mtu, na mama yake amesimama pembeni anapiga picha.

Ndiyo maana napenda sana mwanafunzi aanzie hapa. Atajifunza mapema kwamba uhandisi mwingi hufanyika kabla geti halijafunguliwa, na kwamba kazi yake kubwa ni kujua lini mtambo usiwashwe. Yanayofuata yatakufaa kama unaenda kwenye bustani ndogo ya Mbeya au Iringa, kwa watu wanaofunga bembea viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane, au kama umekubaliwa kwenye bustani kubwa ya maji Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: chagua mahali kwa macho yako

Kabla ya kupeleka barua, nenda kama mteja. Lipa kiingilio, kaa saa mbili, tazama. Je, mwendeshaji anakagua mkanda wa kila mtoto kwa mkono, au anapiga tu jicho na kuwasha? Uzio unaozunguka bembea ni mzima? Kuna kibao cha urefu na uzito unaoruhusiwa? Kisha msalimie vizuri fundi wa pale, muulize kwa upole kama wana daftari la ukaguzi wa asubuhi. Fundi anayejivunia kazi yake atakuonyesha. Pasipo na daftari, na pasipo na fundi au injinia wa kukusimamia na kukusainia fomu za chuo, tafuta kwingine. Hutajifunza kitu pale, na siku jambo likitokea jina lako litakuwa kwenye orodha ya waliokuwepo.

Chuo kitakupa barua ya utambulisho. Ongeza ya kwako, ukurasa mmoja, useme wazi unachotaka: "Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane katika kitengo cha ufundi, nikijikita kwenye ukaguzi wa kila siku wa mitambo na mifumo yake ya umeme." Barua zinazoomba "nafasi yoyote" huishia kukukalisha kwenye dirisha la tiketi. Peleka kwa mkono inapowezekana, miezi miwili mitatu kabla. Kumbuka fildi ya vyuo vingi huangukia likizo ndefu, na Agosti mosi hadi nane ni Nane Nane. Ukitua katikati ya wiki hiyo hakuna atakayepata nafasi ya kukufundisha. Ripoti wiki mbili kabla, ushuhudie mitambo ikifungwa kuanzia chini. Kuona bembea ikiunganishwa bolti kwa bolti ni somo ambalo bustani ya kudumu haiwezi kukupa.

Kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, fuatilia fedha za mafunzo kwa vitendo chuoni kabla hujaondoka. Kadi ya bima ya afya iwe mfukoni.

Hatua ya pili: vifaa, na hesabu moja ya kwenda nayo kichwani

Viatu vya usalama vyenye chuma mbele vinapatikana Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya. Ukichukua vya mtumba, kunja soli uone kama imepasuka. Ovaroli isiwe pana mikononi. Beba tochi ya kichwani, futi, venia (kifaa cha kupimia unene), peni ya rangi isiyofutika, daftari la jalada gumu, na kufuli lako mwenyewe lenye ufunguo mmoja tu. Kazi ya kufuli nitaieleza. Kama unasoma umeme, beba mita inayofaa kwa laini za fezi tatu, maana utakutana na volti 400, na mita ya bei chee inaweza kukulipukia mkononi. Pete, cheni na bangili ziache nyumbani. Nywele ndefu zifungwe, na hijabu iwe fupi, ncha zake zichomekwe ndani ya ovaroli. Shafti inayozunguka haina huruma na kitambaa.

Sasa hesabu. Chukua bembea ya minyororo, ile ambayo viti vinaning'inia na kufunguka nje ikizunguka. Tuseme kiti kikishafunguka kiko mita 6 kutoka katikati, na mtambo unazunguka mara 9 kwa dakika. Kasi ya mzunguko ni radiani 0.94 kwa sekunde. Izidishe kwa yenyewe, kisha mara 6, unapata mchapuko wa mita 5.3 kwa sekunde ya mraba kuelekea katikati. Mvutano wa dunia ni 9.81 kwenda chini. Mnyororo utalala takriban nyuzi 28 kutoka wima. Mtu na kiti vikiwa kilo 80, mnyororo ulikuwa unabeba karibu niutoni 785 mtambo ukiwa umesimama, na sasa unabeba karibu 890.

Ongezeko hilo ni dogo, hata fundi mzoefu atakwambia mnyororo ule unaweza kubeba mara nyingi zaidi ya hapo. Ni kweli. Tatizo ni marudio. Ukizungusha raundi moja kila dakika tano kwa saa nane, mzigo unapanda na kushuka mara 96 kwa siku, kila siku, kwa miaka. Chuma hakichoki kwa uzito pekee, kinachoka kwa kupandishwa na kushushwa. Ufa unaanza mdogo kuliko unywele, mara nyingi pembeni ya mshono wa kuchomelea au kwenye kona ya tundu la bolti, unatembea polepole, halafu siku moja unakatika ghafla na mzigo uleule wa jana. Mwanafunzi anayeelewa hili anajua kwa nini ukaguzi ni wa kila siku, hata kama jana kila kitu kilikuwa sawa.

Siku ya kwanza

Fika mapema. Salimia kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti. Mafundi wengi wa bustani za huku kwetu hawana digrii. Wamejifunzia kazini au VETA, na wanaijua mitambo yao kwa sauti. Mwite fundi mkuu kwa heshima yake, shikamoo ikistahili itoke, na usianze kumkosoa kwa lugha ya darasani. Chukua daftari, sikiliza.

Siku hiyo usishike spana. Omba uonyeshwe mambo manne: kitufe chekundu cha dharura cha kila mtambo, swichi kuu inayokata umeme wake, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza, na njia ambayo abiria watashushwa umeme ukikatika wakati wako juu. Hilo la mwisho wengi hawaliulizi. Umeme hukatika, na gurudumu kubwa likisimama na watu hewani lazima kuwe na njia ya kulizungusha kwa mkono au kwa jenereta. Mwombe fundi akuonyeshe kwa vitendo, mtambo ukiwa mtupu.

Omba pia kitabu cha mtengenezaji. Kama kipo kwa Kichina au Kiitaliano tu, kazi yako ya jioni umeshaipata: tafsiri kurasa za ukaguzi na grisi, zichapishe kwa Kiswahili, zibandikwe chumba cha ufundi. Mafundi hawatakusahau. Ukitaka kujua dunia inaifanyaje kazi hii, viwango vikuu ni ISO 17842, EN 13814 ya Ulaya na ASTM F770 ya Marekani. Hapa nchini kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Isome mapema.

Asubuhi ya ukaguzi

Hapa ndipo utapata fildi yako yote, kwa hiyo usikose hata asubuhi moja.

Huku kwetu Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli, chini ya nyuzi 10, na umande umelala juu ya vyuma. Mafuta ya haidroliki yanakuwa mazito, na breki zenye unyevu hazishiki kama za mchana. Ndiyo maana fundi mzuri huuzungusha mtambo mtupu mpaka upate joto, ndipo anajaribu breki. Lakini kabla ya kuuwasha, anazunguka kwa miguu.

Mfuate. Anaanza chini, kwenye nguzo na vitako. Kama ardhi ni ya udongo na mvua imenyesha, angalia kama mbao za chini ya vitako zimezama upande mmoja. Pimamaji inaonyesha. Kisha bolti. Kwenye bolti kubwa utaona mstari wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba la chuma. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukivunjika, hata milimita mbili, nati imezunguka, na usiikaze tu ukaondoka. Uliza kwanza kwa nini imelegea. Fundi huifungua, anaangalia nyuzi zake, anabadilisha kama inahitajika, anakaza kwa spana ya kipimo kufuata kitabu, kisha anachora mstari mpya. Mahali ambapo mistari haipo, omba ruhusa uichore wewe baada ya bolti kukazwa. Peni ya rangi niliyokwambia ubebe ni ya kazi hiyo.

Kisha minyororo. Usiangalie katikati ya pete, pale mara nyingi ni pazima. Angalia ndani, pete mbili zinapokutana, maana ndipo zinapolana. Legeza mnyororo kwa kunyanyua kiti, sogeza pete kwa kidole, pima unene kwa venia. Mafundi wengi wa minyororo huutoa ukishalika asilimia 10, yaani pete ya milimita 10 ikifika 9 haifai tena, ila kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachotawala. Pini ya kiungo cha juu iwe na kotapini yake iliyokunjwa, ile pini ndogo ya miguu miwili inayoizuia isichomoke. Ukikuta msumari au waya wa kufungia umewekwa badala ya kotapini, mtambo huo haufunguliwi.

Kwenye mishono ya kuchomelea, piga tochi kwa ubavu, siyo moja kwa moja. Ufa chini ya rangi hujionyesha kama mstari mwembamba wa kahawia, kutu imechuruzika kutoka ndani. Ukishuku, kuna dawa ya rangi nyekundu inayopenya: unasafisha pale, unapaka, unasubiri, unafuta, unapulizia unga mweupe. Kama kuna ufa, mstari mwekundu unachomoza juu ya weupe. Kipimo hiki ni rahisi na mwanafunzi anaweza kujifunza siku moja, lakini uamuzi wa kuchomelea upya si wako wala si wa fundi wa mtaani. Chuma cha mtambo wa kubeba watu kinachomelewa kwa utaratibu wa mtengenezaji au injinia mwenye sifa.

Mwisho ni vizuizi vya viti. Funga kila kimoja, kivute kwa nguvu, kila kiti, hata viwe 36. Ndipo mtambo unawashwa mtupu, unazunguka raundi kadhaa, kila mtu akisikiliza. Beringi iliyoanza kuharibika hunguruma, giaboksi iliyopungukiwa mafuta hulia. Fumba macho kama inakusaidia. Baada ya hapo fundi anasaini daftari, na wewe usisaini kitu ambacho hukukigusa.

Kufuli lako, ufunguo wako

Siku utakayopewa ruhusa ya kuingiza mkono ndani ya mtambo, kuna utaratibu mmoja usiokuwa na mjadala. Kata umeme kwenye swichi kuu, piga kufuli lako pale, ufunguo uweke mfukoni mwako. Mkiwa mafundi watatu, yanapigwa makufuli matatu. Kisha jaribu kuwasha uone kama kweli umekufa, na pima kwa mita.

Umeme si nguvu pekee iliyopo. Mashine ya kubadili kasi ya mota hubaki na chaji kwenye kapasita zake baada ya kuzimwa, kwa hiyo subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko. Mtungi wa upepo bado una presha, utoe. Na kiti kilichoinuliwa juu kina uzito wake. Breki ikiachia, kinashuka na wewe ukiwa chini. Kiwekee mhimili kabla ya kupita.

Mwinuko wetu na mitambo iliyotengenezwa kwa ajili ya pwani

Jambo hili ni rahisi kusahaulika, na ndipo mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuleta kitu kipya kwenye ripoti yake. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 82, wakati pwani ni 101. Yaani presha ni pungufu kwa takriban asilimia 19, na hewa ni nyepesi zaidi.

Anza na pampu ya bwawa. Pwani, kinadharia, hewa inaweza kusukuma maji kupanda bomba la kuvutia mpaka mita 10.3. Hapa ni mita 8.4 tu, na kivitendo ni chini zaidi. Pampu iliyofungwa kwa mfano wa Dar es Salaam, juu sana ya maji, hapa itagugumia kama inayotafuna kokoto, na ndani ya miezi panga zake zitakuwa zimetobolewatobolewa. Dawa ni kuishusha karibu na maji au chini ya usawa wake, kufupisha bomba la kuvutia na kulifanya pana.

Mota za kawaida hupimwa kwa matumizi mpaka mita 1,000. Juu ya hapo hewa haipoozi vizuri, hivyo mota inayofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake itachemka. Jenereta ya dizeli nayo hupungukiwa nguvu. Hata feni ya majumba ya kurukia ya watoto, yale yanayojazwa upepo, hutoa presha ndogo zaidi, na jumba likalegea. Pima, andika, linganisha na bamba la mtengenezaji. Huo ni mradi kamili wa PT.

Kwa kuwa nimeyataja majumba hayo: kiwango cha Ulaya, EN 14960, kinataka yafungwe ardhini kwa angalau sehemu sita na yasitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Upepo wa kiangazi unaweza kubadilika alasiri moja. Matawi madogo ya miti yakianza kuyumba, shusha watoto kwanza, kipimo utakisoma baadaye. Na radi ikisikika, bembea zote ndefu za chuma zinasimama.

Kama bustani ina mabwawa

Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8, vipimwe mara kadhaa kwa siku, zaidi siku za watu wengi. Klorini na asidi visikae rafu moja wala visichanganywe hata kwa bahati mbaya. Gesi inayotoka inaua. Dawa humwagwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye dawa. Kila siku angalia kava la tundu la kufyonzea chini ya bwawa: likiwa limevunjika au halipo, funga bwawa, maana mfyonzo wa pampu unaweza kumshika mtoto asitoke. Kichujio cha mchanga huoshwa kwa kurudisha maji nyuma geji ya presha ikipanda. Uliza imepanda kiasi gani ndipo wanaosha, uandike.

Ukiona kitu, unasemaje?

Hili ndilo gumu kwa mwanafunzi, kwa sababu ya adabu tuliyolelewa nayo. Umeona kotapini haipo, foleni ya watoto ni ndefu, na fundi mkuu ni mtu mzima anayelingana na baba yako. Usipige kelele mbele ya wateja, na usinyamaze. Mfuate pembeni: "Mzee, samahani, naomba tukaangalie kiti namba saba pamoja kabla hatujafungua." Umemwita, umemheshimu, na mtambo bado haujawashwa. Mafundi wengi watakushukuru. Akikwambia "achana nayo, tutaona jioni", nenda kwa meneja, na mpigie msimamizi wako wa chuo siku hiyohiyo. Na kama mtambo tayari unazunguka na umeona hatari ya wazi, kitufe chekundu ni cha mtu yeyote. Kibonyeze. Hakuna msimamizi mwenye akili atakayekunyima alama kwa kusimamisha mtambo.

Logibuku na wiki ya mwisho

Logibuku, yaani daftari la kazi za kila siku za fildi, lijaze kila jioni, siyo Ijumaa. Msimamizi wa chuo akija anataka kuona michoro ya mkono: jinsi breki inavyofunga, njia ya umeme kutoka swichi kuu hadi mota, namba ulizopima kwa tarehe zake. Sentensi kama "leo tulifanya ukarabati" haina maana. Andika "beringi ya nguzo ya tatu, ilinguruma, grisi ilikuwa nyeusi, imebadilishwa, joto baada ya saa moja nyuzi 41". Usipige picha wateja, na picha za mitambo omba ruhusa kwanza.

Wiki ya mwisho mwombe fundi mkuu akukague: wewe ufanye ukaguzi mzima wa asubuhi ukiwa mbele, yeye akikufuata nyuma. Utajua umebakiza nini. Kama njia hii imekupendeza, muulize injinia wa pale kuhusu mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa kuwalea wahitimu, SEAP, ambao utauhitaji ukishamaliza chuo ili usajiliwe, na omba kama bustani inaweza kukupokea tena.

Fomu zote zigongwe muhuri na kusainiwa kabla ya siku ya kuondoka, kwa sababu meneja huwa safarini siku hiyo. Toa nakala mbili za kila ukurasa. Ondoa kufuli lako kwenye swichi zote, na karatasi za ukaguzi ulizotafsiri ziache ukutani.